Ramani mgongoni mwa stempu

Stempu ya kwanza ya Latvia haisomwi upande mmoja. Mbele ina jua linalochomoza, masuke ya nafaka na nyota tatu, kwa wino mwekundu, bei yake kopeki 5. Ukiigeuza, mgongoni unakuta kipande cha ramani: kona ya reli, ukingo wa msitu, nusu ya jina la kijiji kwa herufi za Kijerumani. Jirani yake kwenye shiti hiyohiyo ina maji ya ziwa na hakuna kingine. Nyingine ni nyeupe kabisa, kwa kuwa iliangukia pambizoni.

Latvia ilitangaza uhuru tarehe 18 Novemba 1918, wiki moja baada ya bunduki kunyamaza katika Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Ujerumani lilikuwa limeishika Riga tangu Septemba 1917, na vita vilikuwa vimemaliza karibu kila kitu, karatasi nayo ikiwemo. Serikali mpya ilitaka posta ifanye kazi kwa jina lake na si kwa jina la Kaizari wala la tsar wa Urusi. Kiwanda cha uchapaji cha Schnakenburg mjini Riga kilipewa kazi hiyo, na karatasi iliyopatikana ilikuwa shehena ya ramani za kijeshi zilizoachwa na Wajerumani: karatasi nzito, imara, upande mmoja umechapwa, upande wa pili mtupu. Mchoro wa Ansis Cīrulis ulichapwa upande huo mtupu, stempu 228 kwa kila shiti. Tarehe 18 Desemba zikaanza kuuzwa. Wiki mbili na siku chache baadaye, mwanzoni mwa Januari 1919, Mabolsheviki, wakomunisti waliokuwa wameishika Urusi, wakaingia Riga na serikali iliyozitoa ikakimbilia Liepāja.

Wapo watu duniani ambao wametumia miaka mingi kuunganisha vipande hivyo. Hununua stempu za ramani moja moja, kwenye minada na katika masanduku ya wauzaji, kisha huzipanga kifudifudi mpaka mto ukutane na mto na barabara iendelee. Wanalolitafuta si ile bei ya kopeki 5. Wanataka kujua ni eneo gani la uwanja wa vita lililogeuka kuwa posta ya nchi changa. Shiti nzima ikipatikana, unasoma upande mmoja mipango ya jeshi lililoshindwa na upande wa pili tangazo la taifa, na kati yake hakuna hata unene wa ukucha.

Karatasi iliendelea kuwa adimu. Latvia ilichapa stempu kwenye karatasi yenye mistari kama ya daftari la shule, na mwaka 1920, ilipotoa stempu za kuchangia Msalaba Mwekundu, ilizichapa nyuma ya noti za fedha ambazo hazikumalizwa. Noti zenyewe zina kisa. Baadhi zilikuwa za Baraza la Wafanyakazi la Riga, yaani utawala wa Mabolsheviki uliofukuzwa mjini Mei 1919. Nyingine zilikuwa za Pavel Bermondt-Avalov, kamanda aliyekusanya wanajeshi wa Kirusi na wa Kijerumani wasiotaka kurudi makwao, akaishambulia Riga Oktoba 1919, na akapigwa mwezi uliofuata. Kila mmoja kati ya maadui hao wawili alikuwa ameanza kuchapa fedha yake. Walatvia waliwashinda wote wawili, wakachukua karatasi zao na kuzichapa upya kwa ajili ya majeruhi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuielewa hali hii, kwa kuwa vita vilevile na dola ileile ya Kijerumani vilileta shida hiyohiyo Usambara. Mwaka 1916, posta ya Kijerumani ya hapa ilipokaribia kuishiwa stempu kwa sababu bahari ilikuwa imefungwa na Waingereza, kazi ya kuchapa ilipewa mashine ya misheni ya Vuga. Meli iliyopenya kizuizi ikaleta stempu kutoka Ujerumani, zile za Vuga zikawa hazihitajiki, zikafukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa adui. Baada ya vita zilifukuliwa na kupelekwa Ujerumani kuuzwa. Mkusanyaji anayezijua za Vuga hahitaji kuelezwa kwa nini mwenzake wa Riga anageuza stempu kabla ya kuitazama usoni.

Kuna mtu mmoja ambaye ukifuata kazi ya mkono wake unapita katika historia hii yote bila kupotea. Rihards Zariņš alizaliwa mwaka 1869 Livonia, kwenye ardhi ambayo leo ni Latvia na wakati ule ilikuwa mkoa wa Urusi. Alikwenda St. Petersburg kusomea uchoraji na uchongaji wa chapa, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha serikali kilichochapa noti, hati na stempu za himaya nzima. Mwaka 1913 ukoo wa Romanov ulitimiza miaka 300 madarakani, na Urusi kwa mara ya kwanza ikaweka sura za watawala wake kwenye stempu. Zilikuwa stempu 17, kuanzia kopeki 1 hadi rubli 5, na Zariņš alikuwa mmoja wa wasanii waliozichora, pamoja na Ivan Bilibin, aliyejulikana kwa michoro yake ya hadithi za kale za Warusi.

Stempu hizo ziliwatia makarani wa posta katika mtihani ambao hakuna aliyeufikiria ofisini St. Petersburg. Barua ya kawaida ya ndani ya nchi ililipiwa kopeki 7, na stempu ya kopeki 7 ilikuwa na uso wa Nikolai II mwenyewe. Karani alitakiwa aupige muhuri mweusi uso wa mfalme aliyeaminika kuwekwa na Mungu, tena mamia ya mara kwa siku. Wako waliosita, na watu wa kanisa walilalamika. Ndiyo maana wakusanyaji hupenda kuangalia muhuri umeangukia wapi kwenye bahasha za mwaka ule: wapo makarani waliogonga pembeni kabisa, wakauacha uso safi.

Miaka miwili baadaye vita vilikuwa vimewafanya watu wafiche sarafu za fedha majumbani. Serikali ikachukua michoro ileile ya Romanov, ikaichapa kwenye karatasi ngumu kama kadi, na nyuma ikaandika kwamba kipande hicho kinatumika sawa na sarafu ya fedha. Kopeki 10, 15 na 20. Hizo si stempu tena wala si noti kamili, na mpaka leo wakusanyaji wa stempu na wakusanyaji wa fedha huzigombania. Wengi wa waliozishika sokoni mwaka 1915 walizichakaza mfukoni, kwa hiyo kipande safi chenye kingo kamili hakipatikani kirahisi kama idadi iliyochapwa ingemfanya mtu adhani.

Tsar akaanguka Machi 1917. Zariņš, aliyechora masharubu na mataji ya watawala, akachora mkono ulioshika upanga ukikata mnyororo mbele ya jua. Mchoro ulifanywa chini ya Serikali ya Muda iliyomrithi tsar, lakini ulipotoka kiwandani mwaka uliofuata serikali hiyo nayo ilikuwa imepinduliwa, hivyo Mabolsheviki ndio waliotoa stempu hizo Novemba 1918, mwaka mmoja tangu washike nchi: kopeki 35 ya bluu na kopeki 70 ya kahawia. Ndizo stempu za kwanza za Urusi ya Kisovieti. Nafasi yao ya kutumika ilikuwa finyu, kwani tangu 1 Januari 1919 serikali ilitangaza kwamba barua za kawaida zitapelekwa bure. Stempu isiyotumika ya mkono na upanga unaweza kuinunua kwa bei ya chai na maandazi. Bahasha iliyotumwa kwa stempu hiyo Novemba au Desemba 1918, ikiwa na mihuri inayosomeka ya kutoka na kufika, ni jambo jingine, na mwenye nayo huwa anajua.

Mwaka 1919 Zariņš alirudi nyumbani. Latvia ilimkabidhi kiwanda chake cha kuchapa nyaraka za serikali, akachora noti, stempu, na sarafu ya lati 5 ya mwaka 1929 yenye kichwa cha msichana ambaye Walatvia wanamwita Milda. Nembo ya taifa hilo aliitengeneza pamoja na Vilhelms Krūmiņš. Mtu mmoja, kalamu moja: tsar, mapinduzi, jamhuri. Naamini hakuna kitabu cha historia kinachoonyesha kwa uwazi namna hiyo jinsi dola zilivyopokezana mafundi walewale, mashine zilezile na hata karatasi zilezile.

Urusi yenyewe ilichelewa kuingia katika mambo ya stempu. Uingereza ilitoa ya kwanza duniani mwaka 1840. Posta ya jiji la St. Petersburg ilianza kwa bahasha zilizokwisha chapwa bei mwaka 1845, na stempu ya kubandika ya nchi nzima ikatangazwa Desemba 1857 ili ianze kutumika siku ya kwanza ya 1858. Ni kopeki 10, fremu ya kahawia na katikati duara refu la bluu lenye tai wa vichwa viwili, kazi ya mchongaji Franz Kepler. Ilikusudiwa kuwa na vitundu vya kuchania pembeni, lakini mashine ya kutoboa haikuwa tayari kwa wakati, kwa hiyo makarani waliikata kwa mkasi. Ndiyo sababu kingo zinapimwa kwa makini sana: mwenye mkasi wa haraka alikula fremu, mwenye subira aliacha nafasi pande zote nne, na tofauti ya milimita moja hubadilisha bei mara kadhaa.

Mwanzoni makarani waliagizwa kuziua stempu kwa kuzichora msalaba wa wino kwa kalamu. Baadaye mwaka huohuo wa 1858 ikaja mihuri ya vitone yenye namba, kila mji na namba yake, na umbo la vitone likieleza kama ni mji mkuu, makao ya mkoa au mji wa wilaya. Riga ilikuwa na namba yake, Reval (Tallinn ya leo) yake, Vilna (Vilnius ya leo) yake. Hapa ndipo mkusanyaji wa Urusi na mkusanyaji wa nchi za Baltiki wanapokutana meza moja: kwa miaka 60 hivi stempu za nchi hizi tatu, Estonia, Latvia na Lithuania, zilikuwa za tsar, na kinachozitambulisha ni muhuri tu.

Kabla ya stempu hiyo ya kopeki 10, kule kusini mwa Kaukazi, mji wa Tiflis ulikuwa umetoa stempu yake ya posta ya jiji katika mwaka huohuo wa 1857. Ilikuwa kopeki 6, haina wino. Ni alama iliyokandamizwa kwenye karatasi, nembo ya mji chini ya tai wa himaya. Zilizobaki duniani hazifiki hata kumi. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama ni stempu kweli au ni ukingo wa bahasha rasmi uliokatwa. Kati ya waliowahi kuimiliki ni Agathon Fabergé, mtoto wa yule sonara wa St. Petersburg aliyetengeneza mayai ya vito kwa familia ya tsar.

Fabergé huyu anastahili kukaliwa naye kidogo. Alikuwa mjuzi wa vito, na baada ya mapinduzi utawala mpya ulimtia gerezani, kisha ukamhitaji kuorodhesha vito vya taji la Romanov kwa sababu hakuna aliyevifahamu kama yeye. Desemba 1927 alivuka barafu ya Ghuba ya Ufini pamoja na mkewe na mwanawe, akaingia Ufini. Huko Helsinki aliishi kama tajiri aliyepungukiwa mwaka hadi mwaka, na mkusanyo wake ukaishia kuwa dhamana ya madeni. Alipouonyesha Vienna mwaka 1933 ulishangiliwa, hasa sehemu ya stempu za zemstvo.

Zemstvo yalikuwa mabaraza ya wilaya yaliyoanzishwa na Alexander II mwaka 1864, miaka mitatu baada ya kuwaacha huru wakulima waliokuwa mali ya mabwana. Posta ya serikali iliishia mijini na kwenye njia kuu. Kutoka hapo hadi kijiji cha mkulima ilikuwa siku nzima kwa gari la farasi, au kwa sileji wakati wa theluji, na barua zilikaa mjini hadi mtu apite. Mabaraza yakaajiri wapanda farasi wao. Mwaka 1870 serikali iliyapa ruhusa rasmi kwa masharti: stempu zao zisifanane na za dola, zisibebe alama ya pembe ya posta, na wabebaji wao wasishindane na posta ya serikali kwenye njia zake. Zaidi ya wilaya 150 zilitoa stempu, nyingine zikichapwa kwenye mashine ndogo za mjini kwa wino uliokuwepo siku hiyo, na aina zake zinahesabiwa kwa maelfu. Mwaka 1932 Carl Schmidt wa Berlin alichapisha orodha yake, ambayo bado inatajwa katika minada.

Mfano wao wa mapema zaidi ulikuwa Baltiki. Wilaya ya Wenden, ambayo leo ni Cēsis nchini Latvia, ilikuwa na posta yake na stempu zenye maandishi ya Kijerumani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1860, kabla zemstvo hazijazaliwa. Wenye mashamba wa Kijerumani waliokuwa mabwana wa Livonia ndio waliokuwa na uwezo na haja ya kuandikiana. Stempu ya mwisho ya Wenden, ya mwaka 1901, ina picha ya ngome ya zamani ya mji huo. Kwa mtu anayetaka kuanza na kitu kidogo chenye mipaka, Wenden ni wilaya moja, stempu si nyingi, na karibu kila moja inafungua mlango wa historia ya tabaka, lugha na ardhi.

Na hapa nasema jambo ninalolishikilia kuliko yote katika makala hii. Stempu za zemstvo zipo nyingi zikiwa zimetolewa kwenye bahasha, lakini barua nzima zilizobeba stempu hizo ni chache mno, na kwa wilaya kadhaa hakuna inayojulikana kabisa. Wapenzi wa stempu wa karne ya 19 walitaka albamu nadhifu. Walikata kona ya bahasha, wakailoweka majini, wakabandua stempu, wakatupa kilichobaki. Walichotupa ni jina la kijiji, tarehe, mwandiko wa mwandishi, muhuri wa mjini ulioonyesha barua ilipokelewa lini kutoka posta ya serikali, na maandishi ya karani kuhusu ada. Hakuna tena awezaye kusema ni nani aliyeandikiwa kijijini mwaka 1875, na kwa njia ipi barua ilimfikia. Mkusanyaji aliyehifadhi bahasha chafu yenye stempu ya bei ndogo amefanya kazi kubwa kuliko aliyebandua stempu adimu. Mwenye bahasha ya babu au bibi kabatini, ya nchi yoyote, asiiguse kwa mkasi.

Bahasha nzima ina mengi ya kusema kwa anayejua kuisoma. Urusi ilitumia kalenda ya kale hadi Februari 1918, ikiwa nyuma ya kalenda ya nchi nyingine kwa siku 12 katika karne ya 19 na siku 13 baadaye. Barua iliyotoka Riga kwenda Berlin inaweza kuonekana imetumia wiki mbili njiani, kumbe ilichukua siku mbili tu kwa treni. Mihuri ya reli nayo ni somo: njia ya St. Petersburg hadi Warsaw, iliyokamilika mwaka 1862 ikipita Pskov, Dünaburg na Vilna, ilikuwa na mabehewa ya posta ambamo makarani walipanga barua usiku kucha, na muhuri wao unataja njia na si mji. Miji yenyewe ilibadilishwa majina kwa amri. Dorpat ya Wajerumani iliitwa Yuryev kuanzia 1893, kisha Tartu ya Waestonia. Dünaburg ikawa Dvinsk, kisha Daugavpils. Mtu akipanga bahasha za mji mmoja kwa mwaka, anaona ni nani aliyekuwa na nguvu ya kuupa mji jina.

Miaka ya mfumuko wa bei baada ya mapinduzi ndiyo ninayoipenda zaidi, na ajabu yake haigharimu sana. Posta ya bure ilifutwa Agosti 1921, na tangu hapo ada ikapanda mpaka ikahesabiwa kwa maelfu, kisha kwa mamilioni ya rubli. Kabla ya hapo, mwaka 1920, stempu za zamani za kopeki zilikuwa zimepandishwa thamani mara mia, kopeki ikauzwa kama rubli, bila hata kuchapwa maneno mapya juu yake. Makarani waliruhusiwa kutumia stempu za akiba na stempu za ushuru. Watu walibandika stempu hadi uso wa bahasha ukajaa, wakageuza na kuendelea nyuma, wakibakiza nafasi ya jina la mpokeaji tu. Bahasha hizo hazina uzuri wa albamu. Zimekunjika, gundi imevuja, muhuri umegongwa ovyo na karani aliyekuwa na rundo mbele yake. Lakini kila moja ni hesabu ya wiki fulani ya nchi iliyopoteza fedha yake, na mwenye subira anaweza kuikokotoa ada kopeki kwa kopeki hadi ikubali.

Majirani wa Latvia walianza kwa unyonge uleule. Estonia ilitoa stempu zake za kwanza Novemba 1918, ua la kupambia lililochorwa na Rudolf Zero. Lithuania ilipata zake Vilnius mwishoni mwa Desemba, zimepangwa kwa herufi za risasi na mapambo ya kawaida ya kiwanda cha Martynas Kukta, hazina picha. Siku chache baadaye Mabolsheviki waliingia Vilnius na serikali ikahamia Kaunas. Stempu zile zilitumika mjini kwa siku za kuhesabika, na barua halisi ya siku hizo ni miongoni mwa vitu vinavyotafutwa sana Baltiki nzima.

Kwa bahati mbaya, palipo na kitu kinachotafutwa, waghushi nao wapo. Mwezi Mei 1919 posta ya Tallinn iligonga maneno “Eesti Post” juu ya stempu za Kirusi zilizobaki, kwa idadi ndogo. Neno fupi lililogongwa juu ya stempu ya bei ndogo ni kishawishi kikubwa: mghushi hahitaji kutengeneza stempu, anahitaji tu muhuri wa maneno mawili. Mambo hayohayo yalirudi mwaka 1941. Wajerumani walipoingia Baltiki, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wasovieti, stempu za Kisovieti zilichapwa juu yake “Latvija 1941. 1. VII.”, yaani siku Riga ilipotekwa, na Lithuania ikachapa “Nepriklausoma Lietuva 1941-VI-23” ikitumaini uhuru ambao Wajerumani hawakuutoa. Miji midogo kama Pärnu ilikuwa na chapa zake. Mnunuzi asiye na uzoefu achukulie kila chapa ya juu kuwa ya bandia hadi ithibitishwe na mtaalamu anayetambulika kwa maandishi. Atazame kama wino umekaa juu ya muhuri wa posta au chini yake. Kama maneno yaliyochapwa yanaufunika muhuri, yaligongwa baada ya stempu kutumika, na mazungumzo yameisha.

Chapa ya juu iliyo halali inaweza pia kuwa na kasoro za kweli. Mwaka 1935 rubani Sigizmund Levanevsky alipangiwa kuruka kutoka Moscow hadi San Francisco kupitia Ncha ya Kaskazini. Stempu ya kopeki 10 yenye sura yake ilichapwa upya kuwa rubli 1 pamoja na jina la safari. Katika baadhi, herufi ya kwanza ya “Francisco” kwa Kirusi ilipangwa ndogo badala ya kubwa, na katika nyingine maneno yote yalichapwa kichwa chini. Ndege ilivuja mafuta ya injini ikageuzwa njiani. Stempu zikabaki, na ile yenye chapa iliyopinduka ni moja ya vitu ambavyo mnada wowote wa Kirusi hujivunia kuwa navyo.

Nimekaa na mambo ya bei kwa muda wa kutosha. Kuna sehemu ya historia ya posta ya eneo hili isiyo na stempu hata moja. Wanajeshi wa Kisovieti katika Vita Kuu ya Pili walikunja karatasi ya barua kuwa pembetatu, bila bahasha wala gundi, wakaandika namba ya posta ya kikosi, na mkaguzi wa kijeshi akagonga muhuri kwamba imesomwa. Mamilioni ya familia zilipokea pembetatu hizo. Na Siberia, Walatvia, Walithuania na Waestonia waliobebwa kwenye mabehewa usiku wa kuamkia 14 Juni 1941, na wengine Machi 1949, hawakuwa na karatasi. Waliambua gome jeupe la mti wa mbetula, wakalilainisha, wakaandika juu yake majina ya walio hai na ya waliokufa, wakalituma. Baadhi yalifika. Majumba ya makumbusho ya Latvia yanayahifadhi leo, na ninaona ni sahihi kuyahesabu ndani ya mkusanyo mmoja na stempu ya jua iliyochapwa nyuma ya ramani, maana ni watu walewale waliolazimika tena kuandikia kwenye chochote kilichokuwepo.

Nchi hizo tatu zilirudi kwenye posta ya dunia muda mfupi kabla ya kuanguka kwa Muungano wa Kisovieti. Lithuania ilitangulia: tarehe 7 Oktoba 1990, Moscow ikiwa bado inakataa uhuru wake, ilitoa stempu za malaika zisizo na vitundu vya kuchania. Estonia na Latvia zilifuata Oktoba 1991, bei zikiwa bado kwa kopeki za Kisovieti kwa sababu hakukuwa na fedha nyingine. Rubli ilipoanza kuporomoka tena, Estonia iliweka herufi kwenye stempu badala ya bei ili isilazimike kuchapa upya kila mwezi, na Latvia ikagonga jina lake juu ya stempu za Kisovieti zilizosalia, kama Tallinn ilivyofanya kwa stempu za Kirusi mwaka 1919.

Anayetaka kuanza leo kwa fedha kidogo aanzie hapo. Bahasha za 1991 na 1992 kutoka Tallinn, Riga, Vilnius na St. Petersburg bado zimo katika masanduku ya wauzaji kwa bei ya chini, zikiwa na stempu za nchi mbili zilizochanganywa, ada zilizosahihishwa kwa kalamu, na mihuri ya Kisovieti iliyokwanguliwa maandishi ya Kirusi kwa kisu. Wauzaji wengi bado wanazikata ili waziuze stempu peke yake. Zinunue nzima, andika kwa penseli nyuma ya karatasi ya albamu, wala si kwenye bahasha, ni ada gani ilikuwa inatakiwa siku ile, na tafuta ya mwezi unaofuata.